Dirisha la Watu Wawili

Portobello, Edinburgh
14 Oktoba 1973

Baba,

Najua barua hii itakushtua. Tangu mazishi ya Mama hatujaandikiana hata kadi ya Krismasi, na sikuandikii leo ili turudie yale maneno. Nina swali la useremala, na seremala ninayemjua ni wewe.

Nyumba tuliyonunua mimi na Gilbert ni ya zamani, ya mawe, mtaa wa pili kutoka baharini. Madirisha yake ni yale yale ya mwanzo, fremu mbili za vioo katika dirisha moja, ya juu na ya chini, kila moja ikipanda na kushuka kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa pembeni. Au ndivyo yalivyokusudiwa kufanya. La sebuleni halifunguki kabisa. La jikoni ukilifungua linashuka lenyewe, na nimelitegemeza kwa kijiko cha mbao. La chumbani upepo ukivuma linagonga mpaka unadhani kuna mtu anapiga hodi. Kamba zimekatika, na rangi imepakwa juu ya rangi hadi huoni ubao unaishia wapi na dirisha linaanzia wapi.

Majirani wanayang'oa na kuweka ya alumini. Kuna bwana mmoja wa alumini amekuja mlangoni kwetu mara kadhaa, viatu vinang'aa, anaongea kama daktari anayekuambia mguu lazima ukatwe. Nimemwambia hapana. Sijui hata kwa nini. Labda nimechoka tu kuona vitu vinang'olewa.

Niambie nianzie wapi. Na kitu kingine. Hii fremu ya chini ni nzito sana. Mtu anaweza kuitegemeza juu ya kiti huku anapigilia kamba, au kuna njia nyingine?

Gilbert anakusalimu.

Rhona


Arbroath
22 Oktoba 1973

Rhona,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa Bi Netta Swankie wa ghorofa ya chini, yule uliyemkuta jikoni siku ya mazishi akiosha vikombe. Nimeteguka mkono na kalamu hainikai vizuri. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kupamba.

(Sijapamba. N.S.)

Usianze na dirisha bovu kuliko yote. Watu huanza na hilo, wanashindwa, wanamwita mtu wa alumini. Anza na la jikoni. Kwanza pitisha kisu chembamba kwenye mstari wa rangi, pande zote, ndani na nje. Usitumie nguvu. Kisha ng'oa ule ufito wa ndani unaoizuia fremu ya chini. Anzia katikati, utapinda kama upinde, ncha zitatoka zenyewe. Ukianzia nchani utauvunja.

Kama bado kuna kamba nzima, usiikate ukaiachia. Chuma kitaanguka ndani ya sanduku lake, pembeni mwa dirisha, kwa kishindo na utajuta. Ishike, ifunge fundo, ndipo ukate. Chini ya sanduku kuna kijibao kidogo kama mlango. Kimefichwa na rangi lakini kipo. Hapo ndipo utakapotolea vyuma. Viandike kwa chaki vya juu na vya chini, maana vya juu ni vizito zaidi. Ukivichanganya, dirisha la juu halitakaa juu na la chini halitakaa chini, na mtaishi nalo hivyo mpaka mfe.

Habari ya kiti achana nayo. Mwambie Gilbert ashike fremu, wewe upigilie. Dirisha hili ni la watu wawili. Ana mikono, aitumie.

Rangi ya zamani usiikwangue kavu, vumbi lake ni sumu. Ilowanishe, na ufunike pua.

W. Cargill


Portobello
4 Novemba 1973

Baba,

La jikoni limefunguka. Limepanda hadi juu, likakaa pale nilipoliacha, na nikasimama nalitazama kama mjinga huku baridi inaingia. Fito mbili nilizivunja kwa sababu nilianzia nchani kabla barua yako haijafika. Za kubadilisha nimezipata kwa muuza mbao.

Sasa niko sebuleni. Pembe ya chini ya fremu imeoza. Ukibonyeza kwa bisibisi, inaingia kama kwenye keki. Nimekuchorea. Tazama mchoro, niambie nikate hadi wapi. Mstari mwekundu ndio mwisho wa uozo, mstari wa buluu ndio ninapofikiri kukata.

Gilbert yuko kazini sana siku hizi. Je, mkono unaendeleaje?

Rhona

*

(karatasi ya pili, imekunjwa peke yake)

Bi Netta, tafadhali hii usimsomee Baba.

Gilbert hayupo. Mwezi wa Machi alisema anakwenda Aberdeen kwa wiki mbili, kazi za mafuta, na hakurudi. Ana mwanamke huko. Nilikuja kujua kwa mtu mwingine. Unakumbuka alichosema Baba siku ya mazishi, mbele ya watu wote na sahani zao mikononi, kwamba Gilbert ni mtu anayetazama saa hata makaburini, na mtu wa namna hiyo hakai. Niliondoka bila kumaliza chai. Sasa nitamwandikia nini? Kwamba alisema kweli?

Mwache aamini tupo wawili. Ninachotaka kwake ni madirisha tu.

R.


Arbroath
15 Novemba 1973

Rhona,

Mchoro sijautazama. Useremala haufundishwi kwa penseli nyekundu na buluu. Nieleze kwa maneno kama mtu mzima. Uozo umepanda vidole vingapi kutoka chini? Umeingia hadi kwenye kiungo, au umeishia kabla? Ukigonga juu yake kwa mpini wa patasi, unalia vipi, mlio mkavu au mzito?

Wakati nangoja, kata mpaka ufikie mbao inayokunukia mbao. Kata kwa mshazari ili maji yasipate pa kukaa. Kipande kipya kiwe cha msonobari mkavu, si ule mbichi wanaouza siku hizi unaotoa machozi. Vioo usivivunje. Vile vyenye mawimbi havitengenezwi tena. Puti ya zamani inayoshika vioo ikikataa kutoka, ipake mafuta ya kitani uiache, urudi kesho. Kazi hii haipendi mtu mwenye haraka.

Gilbert akiwa na siku ya mapumziko mwambie ashike fremu.

W. Cargill

*

(nyuma ya bahasha, ndani)

Rhona, hapa ni mimi Netta. Siri yako nimeipokea na nimeiweka. Lakini nikwambie ukweli, mwanangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nane, nimefanya kazi kiwanda cha turubai maisha yangu yote, na sikusomea ukarani. Wewe si wa kwanza kuniambia "usimwambie". Nyinyi akina Cargill mnanijaza mambo kama kabati. Na kuhusu mchoro, usimkasirikie. Nimemaliza.

N. Swankie


Portobello
14 Desemba 1973

Baba,

Uozo ni vidole vinne. Ukigonga unalia mzito. Nimekata kwa mshazari kama ulivyosema, na kipande kimekaa. Hakikukaa vizuri, lakini kimekaa.

Nilikaa jioni nzima kuchora ule mchoro. Ungeutazama tu, hata kama ungeucheka.

Kiwandani wanasema kuanzia Januari tutafanya kazi siku tatu kwa wiki kwa sababu ya umeme na makaa. Wenzangu wanalia mshahara. Mimi nilihesabu madirisha. Yamebaki la chumbani na lile kubwa la mbele, ambalo sijawahi kukutajia. Mikono yangu imekuwa ya ajabu, kwenye basi nimeanza kuificha. Inanuka mafuta ya kitani hata nikikoroga uji.

Lile la mbele ndilo linalonitisha. Kila fremu ina upana wa mikono yangu miwili ikinyooshwa. Swali langu ni lile lile. Kama mtu angetaka kuinua fremu kubwa hivyo na hana wa kumsaidia, tuseme kwa saa moja tu mwenzake ametoka, angefanyaje?

Rhona


Arbroath
17 Desemba 1973

Rhona,

Angengoja mwenzake arudi.

Kama Gilbert ametoka, ngoja Gilbert arudi. Kama harudi mapema, tafuta jirani. Lile la mbele usiliguse peke yako. Nasema mara ya mwisho.

Krismasi njema kwako. Netta ametengeneza keki nzito kama chuma cha dirisha la juu. Atakutumia kipande.

(Keki ni nzuri. N.S.)

W. Cargill


Portobello
20 Januari 1974

Bi Netta,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Fremu ya mbele iliniangukia Jumanne. Niliiweka juu ya kiti, kiti juu ya boksi. Nilikuwa nimeshika nyundo na misumari mdomoni. Kiti kiliteleza. Kioo hakikuvunjika hata kimoja, amini usiamini, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa chini yake. Viwili vimevunjika, na mfupa mmoja wa kiganja. Hospitali wamenifunga plasta mpaka kiwikoni. Daktari aliniuliza nilikuwa nafanya nini, nikamwambia nafungua dirisha.

Sehemu ya mbele nimeiziba kwa ubao na blanketi. Nyumba ni giza mchana kutwa. Na Gilbert ameandika kwamba anataka tuiuze nyumba kabla ya kiangazi, na nikubali alumini kwanza kwa sababu wanunuzi wanaipenda. Nusu ni yake, siwezi kumzuia. Kwa hiyo ndiyo, Bi Netta, nimetengeneza madirisha ya mtu mwingine miezi yote hii. Nilijua tangu mwanzo kwamba itafika hapa. Nikirudi kutoka kazini nilihitaji kitu cha kufanya ambacho kingeonekana kimefanyika.

Baba mwambie nina mafua, ndiyo maana siandiki. Nimechoka mno kuandika barua mbili.

R.


Arbroath
24 Januari 1974

Rhona, mwanangu,

Hii haikuamriwa na mtu. Ni yangu mwanzo hadi mwisho, na ukinikasirikia, kasirika.

Barua yako ilifika asubuhi. Baba yako alisikia kisanduku cha barua kikigonga na akashuka kabla sijavua aproni. Akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Soma."

Nikasema, "Ana mafua. Anakusalimu."

Akasema, "Hayo ni maneno matatu. Karatasi uliyoshika ni kubwa, naisikia inavyolia."

Nikasema ameandika herufi kubwa kubwa.

Kisha akauliza, "Gilbert ameondoka lini?"

Rhona, nilikaa chini. Nikamwambia, "Nani kakuambia?" Akajibu, "Yeye mwenyewe, kwenye barua ya kwanza. Mtu mwenye mume ndani haulizi habari ya kiti."

Miezi yote hiyo alikuwa anajua. Nilimkemea, nisikufiche. Nikamwuliza mbona basi hakusema, mbona kila barua ni mwambie Gilbert, mwambie Gilbert, kama kasuku. Akasema, "Nilimtaja ili apate pa kusemea. Hakusema. Aliniuliza habari za dirisha, nikamjibu habari za dirisha."

Basi nikamsomea yote. Vidole, kiti, blanketi, nyumba kuuzwa. Alikuwa anapapasa ukingo wa meza yangu, mbele na nyuma.

Sasa na mimi nakuambia la kwake, maana nimechoka kuwa kabati. Mkono wa baba yako hauna kitu. Ni macho. Yalianza kuzima mwaka ule mama yako alipofariki, na sasa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Mchoro wako hakuutazama kwa sababu hakuna alichoweza kutazama. Mimi nilimweleza, mstari mwekundu hapa, wa buluu pale, akanifanya nimchoree kwa kidole kwenye kiganja chake, mara mbili. Kisha akaniambia nikuandikie ule ukali. Alisema, "Akijua, ataacha kila kitu aje kunitunza kama alivyomtunza mama yake. Alitoa miaka yake pale. Sitaki na mimi nimle."

Sikupaswa kukuambia. Nimekuambia.

Jumamosi tunakuja kwa treni ya asubuhi. Alisema atakuja peke yake, nikamwambia hata chooni kwangu hafiki peke yake bila kuangusha ndoo. Sipendi treni na sipendi lile daraja la Tay, lililowahi kuanguka na treni juu yake, lakini nitafumba macho, tutakuwa vipofu wawili. Amepakia patasi zake na randa ndogo kwenye mfuko wa nguo, na nguo amezisahau. Nimeziweka mimi.

Usipike. Naleta samaki.

Netta


Portobello
18 Februari 1974

Bi Netta,

Natumaini ulifika salama na paka wako amekusamehe kwa kumwacha. Baba anauliza kila siku kama umeandika. Nikisema hapana, anasema, "Hana la kusema," kisha baada ya kikombe cha chai anauliza tena.

Nakuandikia kwa mkono wa kulia, plasta wameipunguza. Nataka kukueleza yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, na Baba hatakueleza sawasawa.

Siku mbili za mwanzo hatukuzungumza chochote ila mbao. Uliona mwenyewe alivyoingia, akaenda moja kwa moja dirisha la jikoni kama mtu aliyekwenda kumsalimu mgonjwa. Alipitisha vidole kila kiungo. Alipofika kwenye ule ufito nilioupigilia vibaya, alisimama hapo, nikangoja anikaripie. Akasema, "Hapa ulikuwa umechoka." Nikasema ndiyo. Akaendelea.

La chumbani tulilimaliza pamoja. Kati yetu tulikuwa na macho mawili na mikono mitatu. Alinifundisha kuning'iniza msumari uliopindwa kwenye uzi na kuupitisha juu ya kapi, kile kigurudumu cha kamba, mpaka ushuke ndani ya sanduku, ndipo uvute kamba nyuma yake. Mimi naangalia, yeye anasikiliza. Anajua chuma kimefika wapi kwa sauti.

Siku ya tatu, akinoa patasi, alisema bila kugeuka, "Nilichosema siku ya mazishi kilikuwa kweli. Lakini haikuwa siku yake, wala hapakuwa mahali pake, na mama yako angenitoa nje." Nikamwambia nami niliacha chai. Akasema, "Ilimwagwa." Basi, tukaishia hapo.

Sasa sikiliza. Jumamosi tuko kwenye lile la mbele. Tumeshatoa ubao na blanketi, upepo unatupiga, fremu ya chini imesimama sakafuni, na tunabishana. Mimi siwezi kuinua kwa mkono huu, yeye anaweza kuinua lakini basi nani apigilie. Mlango ukafunguliwa. Gilbert bado ana ufunguo. Amevaa koti jipya la rangi ya ngamia, ana karatasi za wakala wa nyumba chini ya kwapa.

Baba akauliza, "Nani?"

"Ni Gilbert, Mzee Cargill. Habari za siku nyingi?"

"Gilbert," Baba akasema, taratibu, kama anayeonja supu. "Umekuja wakati mzuri. Shika hapa."

"Samahani mzee, nimekuja kuzungumza na Rhona."

"Zungumza. Mdomo haushiki kitu."

Sijui kwa nini alishika. Labda kwa sababu Baba alikuwa ameshamsukumia ile fremu kifuani, na ukisukumiwa fremu kubwa ya vioo huna la kufanya ila kuikumbatia. Aliiinua. Karatasi zikaanguka. Baba akachukua nyundo, akaanza kutafuta mfereji wa kamba kwa kidole gumba, polepole, kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu.

Gilbert akaniambia kutoka nyuma ya kioo kwamba kuna mnunuzi. Nikamwambia, "Uza. Sikatai. Lakini alumini siweki, na anayenunua ayakute yanafunguka." Akaanza kusema wakala anaona kwamba... Nikamwambia wakala hakai humu. Nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu Machi, kwa nini hakuniambia kwa mdomo wake. Wiki mbili, alisema wiki mbili, na mimi niliweka chakula chake kwenye oveni siku ya kurudi.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

"Ulikuwa na muda."

"Haikuwa rahisi, Rhona."

Nilimtazama kupitia vile vioo vyenye mawimbi. Uso wake ulikuwa unapinda na kunyooka kila aliposogea. Nilitarajia kumchukia, Bi Netta, nilikuwa nimejiandaa. Nilimwona tu mtu anayetokwa jasho ndani ya koti ghali.

"Mzee, bado?" akauliza.

"Bado," Baba akasema. "Kamba imejipinda."

Kamba haikuwa imejipinda. Niliiona.

Alipigilia upande mmoja. Kisha akazunguka, akashika ukuta, akashika bega la Gilbert kama nguzo, akaenda upande wa pili, na kule nako kamba ikajipinda. Alipomaliza akasema, "Achia." Gilbert akaogopa kuachia. "Achia, haianguki." Akaachia. Fremu ikabaki hewani pale pale.

Gilbert akaweka kidole kimoja chini yake. Ikapanda bila sauti. Akaishusha. Akaipandisha tena. "Tumeishi hapa miaka mitatu," akasema, "sikujua kwamba inafanya hivi."

Aliokota karatasi zake, nikasaini pale pa kusaini, akaweka ufunguo juu ya meza. Mlangoni alimgeukia Baba kama anayetaka kusema kitu, lakini Baba alikuwa ameshaanza kupapasa msasa.

Alipoondoka nilikaa sakafuni. Nilingoja Baba aseme, "Nilikwambia." Alikuwa na haki ya kulisema, na nadhani ningelia. Badala yake aliuliza kama kuna jamu ya mkate.

Rhona


Portobello
30 Machi 1974

Baba, na Bi Netta (soma kwa sauti, yote, hakuna karatasi ya pili),

Nyumba imeuzwa. Amenunua mwalimu wa kike mwenye watoto watatu na mama mkwe. Walipokuja kutazama, watoto walipanda ghorofani wakaanza kushusha na kupandisha dirisha la chumbani, na yule mama mkwe akawagombeza, na mimi nikasema waacheni. Mwalimu aliniuliza jina la fundi. Nikasema ni sisi, mimi na baba yangu.

Nimekodi vyumba viwili mtaa huo huo. Bi Purdie wa nyumba ya kona amemfukuza mtu wa alumini na ananitaka niyaone yake. Nimemwambia siku za kiwanda zimerudi kuwa tano, nitakuja Jumamosi, na nitahitaji mtu wa kushika. Amesema atashika yeye. Ana miaka sabini na tano na kikohozi, lakini amesema atashika.

Baba, usidhani nimekaa huku kwa sababu hukutaka nije. Nimekaa kwa sababu nimechoka kuhama. Nitakuja Pasaka na kila likizo. Hutanifukuza.

Nilifunga mlango wa ile nyumba jana. Nilidhani nitaumia zaidi. Tumbo lilinikumbusha kwamba bado sijala, nikaenda kula.

Rhona


Arbroath
21 Aprili 1974

Rhona,

Ulipoondoka Jumatatu ya Pasaka ulisahau skafu. Netta ataituma.

Ya Bi Purdie, angalia vizingiti kwanza. Upande ule wa kona mvua inapiga moja kwa moja. Ukigonga ukasikia mlio mzito, ni uozo, mwambie mapema, asije akadhani umeviharibu wewe.

Nina jambo lingine, na nasema mbele ya mwandishi ili asijifanye hakusikia. Ngazi za kwangu zimenishinda. Makaa ni ya shida, na humu ndani tunawasha mioto miwili, mmoja juu na mmoja chini, kama matajiri. Nimemwambia Netta nishuke nikae kwake, na kwa kuwa mtaa huu una midomo, tukaandikishe ndoa. Amesema alishamzika mume mmoja na hana nguvu ya kufua soksi za mwingine. Nimemwambia naweza kufua mwenyewe. Amesema nitazitenganishaje rangi, na sizioni. Tangu hapo tumezungumza habari za hali ya hewa tu. Muulize wewe. Wewe anakusikiliza.

W. Cargill

*

Rhona, hapa ni Netta. Amelala kwenye kiti changu, mdomo wazi, gazeti nimemwekea kifuani. Nilikuwa namsomea, nimefika habari za bei ya samaki.

Nimechoka, mwanangu, na hilo nimemwambia na si uongo. Marehemu Harold wangu alikuwa mtu mwema na bado ilinichukua miaka kuzoea utulivu alipokwenda. Sasa nimeuzoea, na huyu anataka kuuvuruga kwa patasi zake na chai yake kila saa. Jana kanitengenezea dirisha la jikoni bila kuniuliza. Lilikuwa limekwama tangu nihamie, na mimi nilikuwa nimeridhika nalo. Nimeamka asubuhi nikakuta hewa ndani ya nyumba, na yeye amesimama pale, anangoja niseme kitu. Nikamwambia afunge, kuna baridi.

Alifunga. Nikangoja aende, nikafungua tena.

Nitamkubalia. Sentensi hiyo sitamsomea. Akiamka nitamwambia nimeandika kwamba nafikiria, na acha angoje mpaka Jumapili.

Netta